Damu ya mawese

Tulikuwa tunaangalia mchezo mbele ya kanisa ya Kibabi, wakati wa Wabeleji: mama, dada yangu mukubwa na mimi. Papa, baba yetu, alicheza mufalme wa vita ya zamani. Baba mukubwa, kaka yake, alicheza adui. Mapanga yao yalikuwa ya mugomba, damu ilikuwa mawese, ili watu wacheke.

Lakini baba mukubwa alikuwa na kinyongo na papa juu ya shamba. Akaleta muti wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, akapiga papa kichwani mara tatu. Watu wakacheka: "Mufalme, kufa basi!"

Mama akapanda jukwaani, akagusa ile damu, akanusa. "Hii haiko mawese!" Akanyang'anya ule muti, akavunja shemeji yake mukono.

Papa alipona, lakini jicho moja halikuona tena. Kama alipigwa mara ine, haiko tatu, mwenye alikuwako anirekebishe.