Miaka Mitano Mfululizo

Masalu alipopunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo mwaka 1992, alikaa nyumbani Butimba miezi minane akitengeneza redio za majirani. Mkewe, Noela, ndiye aliyeendesha nyumba kwa mshahara wa ualimu. Kisha rafiki yao aliyekuwa Botswana akaandika kwamba mgodi mmoja huko unatafuta mafundi umeme. Masalu akaomba, akakubaliwa, akapewa kibali cha kazi cha miaka miwili.

Mwanamke mwingine angeanza kufunga mizigo. Noela aliketi mezani na karatasi ya grafu. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, binti wa mwinjilisti, mwalimu wa hesabu, na tangu utoto hakupenda jambo lijiendee lenyewe. Rafiki yao alikuwa amewaeleza kwamba mgeni akiishi kule miaka mitano mfululizo huweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mke aliyekaa naye miwili huomba pamoja naye. Basi Noela akapanga. Masalu aingie Julai 1993, aongeze kibali 1995, aongeze tena 1997, na Julai 1998 waombe. Yeye angefuata Julai 1996, akiwa ametimiza miaka kumi serikalini, asipoteze pensheni. Mtoto akawekwa mwaka 1999.

"Twende wote sasa," Masalu alisema.

"Nikienda nawe sasa nitaishi chini ya kibali chako. Chako kikifa, na mimi nimekwisha. Acha nije baadaye na mkataba wangu wa ualimu."

"Miaka mitatu, Noela."

"Itapita."

Masalu hakuwa na desturi ya kubishana naye mambo ya hesabu. Akaondoka.

Miaka miwili ya kwanza ilipita kweli, kwa barua. Aliyemtembelea Noela mara kwa mara alikuwa baba mkwe wake, Mzee Ngosha, ambaye alitoka Magu na mfuko wa michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, akaketi kibarazani, akanywa chai bila haraka. Alikuwa na binti, Kashindye, na mtoto mmoja tu wa kiume, Masalu.

"Hivi mume wako atarudi lini, mama?" aliuliza kila safari.

"Bado kidogo, baba."

"Haya. Nikiwapo nitamwona."

Juni 1995, siku ya Jumatano, Noela aliitwa kutoka darasani. Chenge, mtoto wa shangazi yake Masalu, alikuwa amesimama nje ya ofisi ya walimu, viatu vimejaa vumbi la Magu. Mzee alikuwa amefariki usiku. Ukoo ungesubiri hadi Jumapili, ili mwanawe afike aweke udongo wa kwanza.

Noela alikwenda mjini, jengo la simu, akaandikisha simu ya Botswana. Alisubiri karibu saa tatu kwenye benchi. Alipoitwa kibandani, alimpa Masalu habari, akamsikia akilia. Hakuwahi kumsikia akilia.

"Nitaomba ruhusa leo hii," Masalu alisema alipoweza kusema. "Kesho niwe njiani."

Hapo Noela akauliza lile swali ambalo baadaye alitamani sana angelimeza. "Pasipoti unayo?"

"Iko uhamiaji. Kibali kinakwisha wiki ijayo, wanashughulikia kipya."

"Ukiichukua, ombi linafutwa. Utaondoka na kibali kilichokufa, utarudi kama mtu mpya. Miaka miwili yote inapotea."

"Noela, ni baba yangu."

"Najua. Lakini amekwisha kufa, Masalu. Kuja kwako hakutamfufua. Yeye mwenyewe angetaka umalize."

Alisikia sauti ya mitambo nyuma ya pumzi za mumewe. Mwisho Masalu alisema, "Wewe ndiye unayejua hesabu," akakata simu.

Ijumaa Noela alipofika msibani, wanawake walimpokea kwa kilio, na Kashindye, wifi yake, akamvuta pembeni. "Anakuja lini?"

Noela alikuwa amejiandaa kusema kwamba mwajiri amemnyima ruhusa. Maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine. "Sikumpata, wifi. Simu ya huko imegoma kabisa."

Walingoja hadi Jumapili jioni, pengine atatokea. Kila gari lililosimama barabarani, watu waligeuka. Mwishowe Chenge akaweka udongo wa kwanza.

Mwezi uliofuata Masalu aliandika mistari mitatu tu: kibali kimetoka, miaka miwili, afya njema. Hakumtaja baba yake. Noela aliisoma barua ile jikoni, akajiambia kwamba walau haikuwa bure.

Aprili 1996, miezi mitatu kabla ya safari yake, ilikuja barua nyingine. Mgodi ulikuwa umewatangazia mafundi wageni kwamba nafasi zao zitachukuliwa na wenyeji waliomaliza mafunzo. Vibali visingeongezwa tena. "Mimi nitamaliza mkataba," Masalu aliandika. "Wewe usije. Utakuja kufanya nini?"

Alirudi Julai 1997, miaka minne kamili, mmoja pungufu. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwanza pembeni. Alimsalimu mkewe kama mtu anavyomsalimu mwalimu wa mtoto wake. Kesho yake walikwenda Magu.

Kashindye aliwapeleka kaburini. Masalu alipiga magoti, akashika udongo ambao ulikwisha kuwa mgumu, umeota majani. Nyuma yake dada yake alisema, bila lawama, "Tulikungoja, kaka. Mkeo alihangaika na simu, hukupatikana."

Noela aliona mgongo wa mumewe ukitulia. Masalu aligeuka, akamtazama mkewe kwa muda ambao hata Kashindye aliushangaa.

"Ndiyo, dada," alisema. "Simu za kule zilikuwa mbaya."

Hakulizungumzia tena. Alipata kazi ya mitambo ya barafu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara upande wa Ilemela, na kila Jumamosi alikwenda Magu peke yake. Noela angependa afokewe. Yeye aliulizwa tu kama chumvi ipo, kama maji yametoka. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mtoto wa mwaka 1999 hakuna aliyemtaja.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Noela aliomba ruhusa shuleni, akapanda gari la Magu siku ya kazi. Alimkuta Kashindye uani akibangua karanga.

"Wifi, nilimpata kwenye simu. Alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa ajili ya kibali."

Kashindye aliendelea kubangua mpaka ungo ukajaa. "Mkajenga huko?"

"Hapana."

"Mkazaa?"

"Hapana, wifi."

"Basi baba alizikwa na mpwa wake kwa sababu ya nini?" Kashindye alipangusa mikono. "Nenda. Gari la mwisho litakuacha."

Ukoo ulijua kabla ya wiki kwisha. Masalu aliitwa mbele ya wazee, akatozwa ng'ombe kwa kuficha, akalipa. Baadhi ya watu wa Magu waliacha kuitikia salamu ya Noela, naye hakuwalaumu.

Jioni aliyorudi kutoka kwa wazee, Masalu alivua viatu, akaketi kibarazani.

"Nani alikutuma useme?" aliuliza.

"Hakuna. Niliona umelibeba peke yako."

"Nilikwisha kulizoea." Akaviweka viatu kando. "Sikukataa neno lako, Noela. Ungeweza kunikataza hadi asubuhi, na mimi nikapanda basi. Niliiacha pasipoti kule kwa sababu na mimi niliutaka ule ukaazi. Hilo ndilo nililokuwa nalificha."

Noela aliketi kwenye ngazi, mbali naye kidogo. Walikaa hivyo hadi mbu wakaanza kuuma, kisha wakaingia ndani kula ugali uliokuwa umepoa.