Kambi ni Ile Yetu

Nilisafiri siku mbili kutoka Mombasa, nikapapita kwetu Lodwar dirishani, macho yangu yakiwa wazi kabisa, nikaenda zangu Kakuma. Na yote haya kwa sababu ya neno moja.

Shangazi yangu wa Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, aliyenilea, alikuwa amenipigia simu: "Mwanangu, kambi inagawiwa. Mkutano ni Alhamisi, saa nne. Usikose, watahesabu mikono." Simu ikakatika. Sikuona haja ya kuuliza kambi gani. Siku hizi ukisema kambi huku Turkana, kila mtu anajua ni ya wakimbizi, Kakuma. Nami nimezunguka nchi hii miaka ishirini nikijiona najua kila kitu.

Kakuma nikamuuliza mama mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa akiuza chai: mkutano wa kugawa kambi uko wapi? Akaweka birika chini.

"Kambi inagawiwa? Na sisi tunapelekwa wapi?"

Akawaita wenzake. Kina mama walinizunguka, kila mmoja akinidai jibu, na hapo ndipo nikakumbuka.

Enzi zetu Lodwar ilikuwa na kambi moja tu, ya wanajeshi. Tarumbeta yao ndiyo iliyokuwa saa yetu ya shule. Ikilia nawe hujanawa uso, ujue mwalimu anakungoja na kiboko. Tulicheza mpira wa matambara kando ya ua wao, tukaguguna makoma, matunda magumu ya porini, hadi ufizi ukauma, na askari wakaturushia biskuti ngumu kama vigae. Vijana wa leo, biskuti ikivunjika pembe tu, hawaili! Bomba lilikuwa ndani, na kila asubuhi geti lilifunguliwa kina mama wateke maji. Tukiogopa kuingia, shangazi alituambia, "Askari ana bunduki, lakini pia ana mama."

Wanajeshi walihama zamani. Sasa kambi ilikuwa inarudishwa kwa jamii, na watu walikuwa wanaamua: uwanja na bomba vibaki wazi kwa wote, au pazungushiwe ukuta, pajengwe ukumbi wa kukodisha. Nilimpigia shangazi, simu imezimwa, yuko mkutanoni. Nilifika Lodwar saa nane, jasho jembamba likinitoka, nikamkuta getini ameketi juu ya mtungi wake mtupu.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, "mtu wa Mombasa. Ulikuwa wapi?"

"Kakuma, shangazi. Ulisema kambi."

Akanitazama weee. "Kakuma? Kwani wewe ulikunywa maji ya kambi gani?"

Mikono ilikuwa sawa kwa sawa, akaniambia. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyekata shauri, akachagua ukumbi.

Nilikasirika, nikalaumu kamati, nikalaumu simu, nikalaumu hata kina mama wa Kakuma. Shangazi akajitwika mtungi wake mtupu. Bomba jingine liko mbali, na magoti yake yamechoka. Kabla ukuta haujakauka alihamia Kataboi kwa binti yake. Nilimpakilia vyombo, nikafunga mlango wa nyumba iliyonikuza, na Lodwar sina tena pa kufikia.

Tulipita mbele ya kambi siku hiyo. Enzi zetu palisimama askari mwenye bunduki, na geti lilikuwa wazi. Leo hakuna askari. Pameandikwa MALI YA JAMII, herufi kubwa, juu tu ya kufuli.