Ua la Dirishani

Mama Sindano, fundi cherehani, alikuwa na sheria moja tangu alipoigeuza nyumba yake kuwa makimbilio ya wanawake waliochoka kupigwa: sura haipigwi picha. Aliwalaza, akawafundisha kushona, na kwa miaka kumi na minne hakuna mume aliyeujua mlango wake.

Lakini chama chao cha ushonaji kilikuwa kinafifia. Vyerehani vimebaki viwili, kimoja kibovu. Ndipo binti wa kaka yake akaja na simu.

"Shangazi, watu hawasaidii wasichokiona. Tufungue ukurasa, niandike blogu, wakuzoee."

"Wanizoee mimi? Kwani mimi bibi harusi?"

Wakamzoea. Ndani ya miezi mitatu wafuasi elfu mbili, wanajuliana hali kama majirani. Huyu kaleta cherehani, yule kaleta vitambaa. Mwenyewe akaanza kuwaulizia: "Yule mwenye mapacha, wamepona homa?"

Alhamisi ile binti aliweka picha ya darasa: migongo, mikono, dirisha kwa nyuma. Hakuna sura hata moja. Mchana akasoma kwa sauti neno lililoandikwa chini yake, akicheka.

"'Petali ya tano chuma kiliniishia. Nilisema nitarudi kulimalizia hilo ua.' Huyu naye!"

Mama Sindano hakucheka. Aligeuka akatazama grili ya dirisha: ua la chuma, petali nne. Akamkumbuka fundi aliyeitengeneza miaka ishirini nyuma, kijana mchangamfu, akipangusa jasho: "Nitarudi, mama." Hakurudi.

Akamwita mgeni wa wiki ile, mwenye mkono kwenye bandeji.

"Mwanangu, mumeo kazi yake nini?"

"Fundi wa kuchomelea, mama."

Mama Sindano akamgeukia binti. "Picha ifutwe!"

"Nimeshafuta, Shangazi."

"Yeye kaandika saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Sasa ilikuwa saa nane.

Mgeni alipitishwa mlango wa uani, miguu mitupu, hadi kwa jirani mwenye gari. Binti akamsindikiza, machozi yanamtoka. Mama Sindano akafunga komeo, akaketi kwenye cherehani na kukanyaga, ili nyumba isikike iko kazini. Mshono ukaenda upande. Hajapata kupindisha mshono maishani mwake.

Kwenye grili chuma kikagongwa, taratibu, kama fundi anavyopima kazi yake. Petali ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Hodi, mama," ikasema sauti, kwa adabu zote. "Nimekuja na chuma."