Kipande cha Katikati

Saa mbili asubuhi, Mama Mistari anavua viatu, anakalia stuli yake na kuwasha taa iliyo chini ya meza ya kioo. Juu ya kioo analaza karatasi nyembamba yenye ramani ya kiwanja kimoja. Juu yake analaza ya pili, ya kiwanja cha jirani.

"Tazama hapa," anasema. "Viwanja viwili vikipandana hivi, unapata vipande vitatu: chako, changu, na hiki cha katikati tunachogombania. Vikipandana vitatu, unaweza kupata hata saba. Hapo ndipo watu wanaanza kununiana."

Kwa miaka ishirini na sita, mchora ramani huyu wa ofisi ya ardhi amekuwa akivisaka vipande vya katikati. Jina la Mama Mistari alibandikwa na makarani wenzake, na hana kinyongo nalo. "Afadhali hili kuliko lile la kwanza," anacheka, na anakataa katakata kulitaja.

Kicheko kinakatika anapofungua droo na kutoa karatasi mbili nyingine za ramani.

Miaka sita iliyopita alipata kipande cha katikati, upana wa nusu mita, kati ya fundi cherehani na jirani yake. Fundi akaamriwa kubomoa chumba alichokuwa akilala mama yake, kwa kuwa ukuta wake uliingia humo. Akabomoa kimya kimya, huku mtaa mzima ukimsema kuwa ni mwizi wa ardhi.

Mwezi uliopita, akipanga kabati, Mama Mistari aliipima ile karatasi ya jirani. Mstari wa kupimia ulioko pembeni, ambao hutakiwa kuwa sentimita ishirini kamili, ulizidi kwa milimita mbili. Kabati lilikuwa limevujiwa na mvua kabla fundi hajaamriwa kubomoa. Karatasi ilivuta unyevu, ikatanuka, na kiwanja kikatanuka nayo. Kipande kile hakikuwahi kuwepo.

"Mstari huo unapimwa kwanza, kabla ya kitu chochote. Siku ile nilikuwa na haraka, sikuupima," anasema. Ana aibu, wala haifichi.

Amebakiza miezi minne astaafu. Mkuu wake amemwonya kwamba akikiri kwa maandishi, kiinua mgongo kinaweza kuota mbawa. "Aliniambia, 'Dada, mbona unafukua makaburi?'"

Barua ameshaiandika na kuitia saini. Jumamosi ataipeleka mwenyewe kwa fundi, pamoja na karatasi zote mbili na rula.

Na fundi akimfukuza?

"Nitaondoka. Lakini mama yake bado yu hai, analala sebuleni. Nataka asikie kwa masikio yake kwamba mwanawe hakuiba ardhi ya mtu."