Nishani, na Yule Ng'ombe Dume wa Suna

Barnabas hakuiomba nishani. Hilo tumpe. Alikuwa fundi wa pikipiki pale Suna, mikono imejaa oili, mpaka siku mto Kuja ulipofurika ukaburuta gari la probox lililobeba wanafunzi wa chuo kutoka Rongo. Watu walisimama ukingoni wakipiga video. Barnabas alijifunga kamba kiunoni akaingia, akawatoa wote, huku akimtukana kila mwenye simu kwa Kijaluo. Serikali ikamwita Homa Bay, uwanja umefurika watu, ikambandika nishani ya ushujaa kwenye koti la kuazima.

Tangu hapo akawa mali ya umma. Nyoka akiingia jikoni kwa mtu, "Muite Nishani!" Transfoma ikitoa cheche, "Nishani yuko wapi?" Lakini aliyeifurahia hasa ni bintiye Irine, wa gredi ya nne. Kila Jumamosi aliisugua kwa dawa ya meno, akairudisha ukutani, kisha akamtazama babake kana kwamba mto wenyewe ni yeye aliyeuchimba.

Siku moja ya soko walishuka kununua viatu vya shule, wameshikana mikono. Kule mnadani, ng'ombe dume aliyeletwa kutoka Kuria akakata kamba. Akaja mbio, pazia la muuza mitumba limemning'inia kwenye pembe kama shela ya bibi harusi.

"Nishani yuko hapa!" mtu akapaza sauti. "Nishani, mshike!"

Nishani alikuwa ameshafika juu ya lori la mahindi. Hata yeye hakujua amepandaje. Alichojua ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu.

Chini, mama Jerusha, muuza dagaa wa omena, alikuwa amemvuta Irine chini ya meza yake. Dume akapita.

"Usijali, ndugu," yule wa mitumba akamwambia, akihema. "Sote tumekimbia. Huyo dume haheshimu serikali!"

Soko zima likacheka. Barnabas naye akacheka, mdomo tu. Wao walimwona mtu anayemkimbia ng'ombe, na hiyo si dhambi. Ule mkono mtupu hawakuuona. Aliyeuona ni Jerusha, na mwenye kuachwa.

"Baba Irine, shuka," Jerusha akasema, akimpangusa mtoto vumbi. "Mtoto wako huyu hapa."

Angemtukana ingekuwa afadhali.

Barnabas alinunua soda, akanunua mandazi, akanunua viatu vya kuwaka taa ambavyo shule yoyote ingevikataa. Irine akasema asante kwa kila kimoja, kama mgeni. Jumamosi ikafika, nishani haikusuguliwa. Barnabas akaishusha mwenyewe, akaanza kuisugua, akajiona kama mtu anayejipigia makofi. Akairudisha na vumbi lake.

Siku ya soko iliyofuata wakashuka tena, maana shule ilivikataa vile viatu kweli. Njia nzima aliogopa kunyoosha mkono. Mto Kuja haukuwahi kumtisha hivyo. Walipokaribia mnadani, vidole vidogo vikajiingiza vyenyewe mkononi mwake, vikakaza.

"Baba."

"Naam, nyara," akaitika kwa Kijaluo. "Sema, binti yangu."

"Leo ukitaka kukimbia, uniambie mapema. Tukimbie wote."

Barnabas aliitikia kwa kichwa, macho chini kwenye vile viatu miguuni mwa Irine. Viliwaka kila hatua, kijani, nyekundu, kijani, soko zima likigeuka kuwatazama.