Bi Wanu Akataa Suluhu

Katika msimu mmoja wa Mwaka Kogwa, sikukuu ya kuukaribisha mwaka mpya, Wanu Mcha akiwa bado msichana, wanaume wa Makunduchi walitoka uwanjani wakichuruzika damu na kucheka, kwa kuwa walikuwa wametandikana kwa vigogo vya migomba na kila ugomvi umeachwa pale pale. Jioni ile ami yake alirudi nyumbani, akatwaa mchi, akamvunja mkewe taya. Wazee wakasema mwaka umeshakogwa, kinyongo hakina nafasi tena. Mke akasamehe kwa kuinamisha kichwa, maana kinywa hakikufunguka.

Wanu akawa muuguzi. Miaka mingi alishona vichwa vya wanawake, akaandika majeraha yao, kisha akaona kesi zikifutwa kwa kuwa familia zimekaa kitako, zikasoma Fatiha, zikasuluhishana. Alichoka kushona. Akiwa na wajukuu tayari, aliingia chuoni kusoma sheria. Vijana wakamuuliza kama amemfuata mjukuu.

"Nimekuja kuwapiteni," akasema, akaketi mbele.

Alipokuwa mwendesha mashtaka mjini, alikabidhiwa kesi ya Duni wa Kikwajuni, aliyemwagiwa mafuta ya moto na mumewe, Msabah. Familia zikasuluhisha. Duni, malengelenge yangali usoni, akakataa kutoa ushahidi, na Msabah akaachiwa. Hakwenda mbali. Nje ya mahakama alimwangusha Bi Wanu kwa tofali, akamkanyaga mkono wa kushoto hata mfupa ukatokeza, huku mkewe akitazama.

Hospitalini alikuja Mzee Mabrouk, ami wa Msabah, naye mtu wa Makunduchi kama Wanu. Wanu alimwamkia kwa heshima. Mzee alizunguka sana kwa maneno kabla ya kufika alipokusudia.

"Huyu damu yako, Bi Wanu. Tusome Fatiha, yaishe."

"Na akimuua Duni, Mzee, tutasoma nyengine?"

"Ukenda kumshitaki, hatutakuzika."

"Wa kunizika watapatikana. Wa kumsemea Duni ndio hawapo."

Siku ya kesi hakuweza kuiendesha yeye, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa. Alimkabidhi mwenzake, Junaid, jalada na joho lake. Akapanda kizimba cha mashahidi mkono ukiwa kwenye plasta, akaweka mkono mzima juu ya Msahafu, akaapa, akamtaja Msabah kwa jina lake na la baba yake, akaeleza alivyopigwa.