Mfumo Wangu Ulivyomkataa Mjomba Harusini

Asubuhi ya harusi ya dada yangu Zamda, kwenye meza kuu alikaa mtu mmoja tu.

Athuman. Mchumba wake wa zamani.

Na aliyempa kile kiti ni mimi. Tena kwa kompyuta.

Sogeeni niwape mkasa.

Naitwa Sufiani, wa Handeni mjini. Programu nimejifunzia YouTube, kwenye kibanda changu cha kusajili laini. Zamda alipoposwa nikajitutumua: "Safari hii wageni watathibitisha kwa meseji. Andika NAKUJA, mfumo unakupa kiti."

Mwaliko nikautuma kwa namba zote za kwenye simu ya Zamda. Zote, jamani.

Ili mfumo uitambue NAKUJA, niliuandikia kanuni, wenyewe wanaita rejeksi. Ni chekeche la maneno. Mwanzoni na mwishoni niliweka alama za "hapa pakae chochote". Sura yake ilikuwa kama mkeka uliotafunwa na panya, ila ilipiga kazi.

Balaa akalileta Enock, mshkaji wangu wa Korogwe. Aliniwekea mkaguzi. Si mtu, ni programu inayopitia ulichoandika na kukusema kwa mwandiko mchafu.

Nikaiwasha. Nyekundu tupu!

"Alama za mwanzo na mwisho hazina kazi. Ondoa."

"Ondoa, mwanangu," Enock akadakia. "Ukienda kutafuta kazi Dar na uchafu huo watakucheka."

Nikaondoa. Kijani kibichi! Nikaipiga picha, nikaweka status.

Kuijaribu? Nijaribu nini, na mkaguzi kashapitisha?

Kumbe kuanzia hapo mfumo ulitaka neno moja kavu, lisiongezwe chochote. Sasa niambieni, kwetu nani anajibu mwaliko kwa neno moja kavu?

Mjomba Mhina wa Misima aliandika: "Asalaam aleikum. Hamjambo hapo? Huku mvua imegoma. Nakuja inshallah."

Mfumo ukamjibu: "Samahani, umekosea. Rudia."

Akarudia, akazidisha salamu. Alidhani hazikutosha.

"Samahani, umekosea."

Ukoo mzima wa Mama ukajibiwa hivyo hivyo. Wakanuna. Mimi nikawa nasema watu wetu wazito, watathibitisha dakika za mwisho.

Na sisi Wazigua, mjomba asiposema neno lake, bibi harusi hatoki ndani. Hata shehe atasubiri.

Siku ikafika, mjomba hayupo. Zamda ndani analia, wanja umefika kidevuni. Mama ananitazama kama mwizi wa kuku.

"Kamlete kaka yangu," akasema. "Usipomleta, usirudi."

Nikadandia boda mpaka Misima. Nikamkuta mjomba barazani, kanzu imenyooka, kofia kichwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hapo nimepatia, au nirudie?"

Magoti chini. Nikamweleza yote, na lawama zote nikambebesha mkaguzi.

"Huyo mkaguzi anamjua Zamda?"

"Hapana, mjomba."

"Anajua kanuni yako ni ya kazi gani?"

"Anaangalia mwandiko tu."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mjomba."

"Basi mwache mkaguzi wa watu."

Nikajikaza. "Sasa mjomba, kama ulisusa, mbona umevaa?"

"Nilikuwa nangoja mtu aje anialike."

Akapiga simu moja tu. Misima yote ikajaa kwenye Fuso. Sisi tukarudi mshikaki, watatu kwenye boda moja.

Ukumbini, Athuman yumo, tena kwenye kiti cha mjomba.

"Wewe kijana, uliandikaje?" mjomba akamuuliza.

"Niliandika NAKUJA tu, mzee."

"Hata salamu hukuweka?"

"Hata."

Mjomba akamgeukia Mama. "Dada, kumbe Zamda alikuwa na macho alipomwacha huyu!"

Watu hoi. Athuman akaondoka na soda yake. Mjomba akaingia ndani kwa Zamda, akasema neno lake, bibi harusi akatoka.

Enock je? Nilimkuta nje getini, kajiegemeza kwenye mgomba.

"Oya, mfumo wako umenigomea!"

Aliandika: "Oyaa mwanangu nakuja."

Ndugu zangu, ukiambiwa kitu hakina kazi, kabla hujakitupa kumbuka ulikuwa unamwachia nani nafasi. Mimi nilikuwa namwachia mjomba.

Zile alama nimezirudisha. Mkaguzi kila siku ananiwakia nyekundu.

Naihesabu salamu, namwambia marahaba.